Kumezwa, Kurudi na Kukua: Dhana ya Nguvu kwa Msafiri wa Ulimwengu Mwingine, kutoka Isekai hadi Masimulizi ya Gusii

Utangulizi

Neno isekai ni la Kijapani, na maana yake ni ulimwengu mwingine. Hutumiwa kutaja mkondo wa fantasia ambamo mhusika wa kawaida, aghalabu kijana asiye na sifa yoyote ya kujivunia, huondolewa ghafla katika maisha yake na kujikuta katika nchi yenye kanuni nyingine za maumbile. Katika nchi hiyo huwa kuna majoka, falme, uchawi na viumbe visivyo binadamu. Wapo wahusika wanaofikishwa huko kwa kufa na kuzaliwa upya, wapo wanaoitwa na wenyeji wenye shida, na wapo wanaopotelea huko pasipo sababu inayojulikana. Sehemu kubwa ya riwaya za mkondo huu katika karne hii zilianza kuandikwa mtandaoni, hasa kwenye tovuti ya Kijapani iitwayo Shōsetsuka ni Narō iliyoanzishwa mwaka 2004, kabla ya kuchapishwa vitabuni na kugeuzwa katuni za televisheni. Katuni hizo zimewafikia vijana wa Kenya kupitia simu zao. Mwanafunzi wa shule ya upili kule Keroka au Ogembo anaweza kumweleza mwenzake vituko vya shujaa wa Kijapani kwa ufasaha ambao mwalimu wake wa fasihi simulizi angetamani kuuona katika mtihani.

Baadhi ya wahakiki wamezipuuza kazi hizi kwa hoja kuwa ni ndoto za mchana za vijana waliochoka na maisha. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haitoshelezi. Chini ya mapanga na majoka ya isekai pamo swali zito: je, nguvu ni kitu anachopewa mtu, au ni kitu ambacho mtu hukua nacho? Makala haya yanakusudia kulifuatilia swali hilo kwanza katika kazi chache za Kijapani, kisha katika riwaya mbili za Kiswahili, na hatimaye katika masimulizi na historia ya kaunti za Kisii na Nyamira. Huko, kati ya mwaka 1908 na 1914, swali hili halikuwa la burudani hata kidogo. Watu walilijibu kwa mikuki, kwa ng'ombe wao na kwa uhai wao.

Nguvu ya kupewa na nguvu ya makuzi

Msafiri wa ulimwengu mwingine si mgeni katika fasihi ya Kijapani. Ngano ya Urashima Tarō, ambayo ni kongwe mno, inamhusu mvuvi anayechukuliwa na kobe hadi kwenye kasri lililo chini ya bahari. Anaporudi kijijini kwake hugundua kuwa miaka mingi mno imepita na hakuna tena amjuaye. Lililo muhimu ni kwamba safari ya Urashima haimwongezei nguvu yoyote, bali humwacha mpweke na mzee. Isekai ya kisasa imeugeuza mwisho huo juu chini, kwani mhusika wake aghalabu harudi na wala hatamani kurudi, na badala ya kupoteza, hupata.

Anachopata ndicho kinachozigawa kazi hizi. Katika riwaya ya Fuse iliyoanza mwaka 2013 kuhusu mtu aliyezaliwa upya akiwa kiumbe cha utelezi, Satoru Mikami ni mfanyakazi wa kampuni mwenye umri wa miaka 37 anayechomwa kisu barabarani, akafa, akaamka akiwa donge la ute pangoni. Donge hilo lina uwezo wa ajabu: kila kinachomezwa nalo humwachia sifa zake. Punde si punde anammeza hata joka kuu, Veldora, kwa ridhaa ya joka lenyewe. Nguvu hapa ni mali inayolimbikizwa. Mhusika haumii sana, hashindwi kwa muda mrefu, na tabia yake mwishoni mwa kitabu cha kwanza si tofauti sana na tabia aliyokufa nayo. Kinachokua ni hazina yake na idadi ya watu walio chini yake. Haifai kudharau furaha ya kusoma hadithi kama hii. Kwa kijana anayejua kuwa cheti chake huenda kisimpatie kazi, ulimwengu ambamo uwezo hutolewa mara moja na kuonekana na wote una mvuto mkubwa.

Upande wa pili wamo wahusika kama Rudeus wa Mushoku Tensei, riwaya ya Rifujin na Magonote iliyotolewa mtandaoni kati ya mwaka 2012 na 2015. Rudeus alikuwa mtu wa miaka 34 aliyejifungia chumbani kwa miaka mingi baada ya kudhalilishwa shuleni, na anazaliwa upya akiwa na kumbukumbu zake zote. Anajifunza uchawi tangu utotoni kwa mazoezi ya kila siku, na kipawa chake kinawashangaza wazazi. Hata hivyo, mwandishi anafanya jambo la busara: mtoto huyu mwenye nguvu nyingi hawezi kuvuka lango la nyumba yao. Hofu ya maisha ya kwanza imemfuata hadi maisha ya pili. Ni mpaka mwalimu wake, Roxy, ampandishe juu ya farasi na kumtoa nje ndipo anapogundua kuwa walimwengu hawamkodolei macho. Uchawi haukumsaidia kuvuka lango lile.

Kazi inayolitafiti suala hili kwa kina zaidi, hata hivyo, ni ya zamani kuliko hizo. Fuyumi Ono alianza kuchapisha mfululizo wake wa Falme Kumi na Mbili mwaka 1992. Mhusika wake, Yoko, ni msichana wa shule aliyezoea kumpendeza kila mtu, kiasi kwamba hakuna anayemjua kwa hakika. Anachukuliwa na kiumbe aitwaye Keiki, anapewa upanga, na roho inaingizwa mwilini mwake ili impiganie. Mwili wake unapigana vizuri tangu siku ya kwanza. Mwandishi amempa nguvu yote mapema kwa makusudi, ili msomaji aone kwamba haikutatua lolote. Yoko anasalitiwa na mwanamke aliyemkaribisha, anaibiwa na mzee wa nchi yake mwenyewe, na taratibu anageuka kuwa mtu asiyemwamini yeyote. Anapookolewa na Rakushun, kiumbe mwenye umbo la panya, anamwacha majeruhi njiani, na kwa dakika chache anawaza kurudi kumnyamazisha. Hapo ndipo riwaya inapofikia kilele chake. Kilele chenyewe hakina pambano lolote. Yoko anatambua kuwa kusalitiwa hakumpi ruhusa ya kuwa msaliti, na kuanzia hapo anaanza kuumiliki upanga ambao hadi wakati huo ulikuwa ukimmiliki yeye. Baadaye anakuwa mfalme wa nchi ya Kei, na katika kitabu kingine cha mfululizo huo analiacha kasri kwa muda na kwenda kuishi kwa mwalimu kijijini, kwa kuwa ametawazwa juu ya nchi asiyoijua.

Arnold van Gennep, mtaalamu aliyeandika kuhusu mivigha mwaka 1909, alionyesha kuwa sherehe za kuvuka rika huwa na awamu tatu: kutengwa, kukaa ukingoni, na kurejeshwa katika jamii. Kwa kipimo hiki, hadithi ya kiumbe cha utelezi ina awamu ya kwanza tu. Mhusika ametengwa na dunia yake basi. Yoko anazipitia zote, na sehemu kubwa ya kitabu ni ukingo. Tofauti ya nguvu ya kupewa na nguvu ya makuzi, kwa hiyo, ni tofauti ya muda ambao mwandishi yuko tayari kumwacha mhusika wake ukingoni.

Msafiri katika riwaya ya Kiswahili

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda Japani kumtafuta msafiri huyu. Katika Adili na Nduguze (1952), Shaaban Robert anampeleka Adili hadi Mji wa Mawe, ambao wakazi wake wamegeuka mawe, na anamkutanisha na Huria wa ukoo wa majini. Adili anasaidiwa na majini kwa sababu aliwahi kumwokoa Huria akiwa katika umbo la nyoka, pasipo kumjua. Msaada wa kijini, basi, ni malipo ya tabia iliyokuwapo tangu mwanzo. Lakini Shaaban Robert haachi msaada huo uwe mtamu. Nduguze waliomdhulumu wanageuzwa manyani, na Adili anaamriwa awapige kila usiku, kazi anayoitenda kwa machozi. Wahakiki wengi wameitazama adhabu hiyo kama funzo kwa waovu. Inafaa pia kuitazama kama mzigo wa mwenye nguvu: Adili amepewa mamlaka yanayomuumiza kila siku, na ukuu wake unaonekana katika hamu ya kuyatua.

Walenisi (1995) ya Katama Mkangi inakaribia isekai zaidi. Dzombo, aliyehukumiwa kifo nchini mwake, anawekwa katika chombo cha angani na kuishia katika nchi ambayo haina dhuluma alizozizoea. Huko hapewi upanga wala uchawi. Kazi yake kubwa ni kuuliza maswali, kushangaa, na kusahihishwa na wenyeji wake, na kila jibu linamvua sehemu ya fikra za nchi aliyotoka. Jina la nchi hiyo linaficha kauli nzima: wale ni sisi. Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini mwaka 1986, alijua kuwa mfungwa anayetoroka peke yake hajaleta ukombozi, na ndiyo sababu Dzombo hana budi kurudi kwao. Tofauti na wenzake wa Kijapani wanaofurahia kutorudi, msafiri wa Mkangi hupimwa kwa kurudi kwake.

Nyanda za Gusii: kujua, kuthubutu na kulipa

Masimulizi ya Abagusii yana wahusika watatu ambao huelezwa pamoja ingawa aina zao za nguvu hazifanani. Wa kwanza ni Sakawa, mwonaji wa karne ya 19 ambaye husimuliwa kuwa alitabiri kuja kwa wageni weupe, akaonyesha hata mahali yatakapokuwa majengo yao pale Getembe, mji ambao leo ni Kisii. Inasimuliwa kuwa alitoweka mwanzoni mwa karne ya 20 pasipo kaburi lake kuonekana, na wengi waliamini kuwa hakufa bali alikwenda mahali pengine na angerudi. Nguvu ya Sakawa ni ya ujuzi. Inafaa kumlinganisha na Subaru, mhusika wa riwaya ya Re:Zero ya Tappei Nagatsuki, ambaye kila afapo hurudi nyuma katika wakati akiwa na kumbukumbu ya yatakayotokea, lakini amekatazwa kumwambia yeyote. Sakawa hakukatazwa. Alisema, na yaliyosemwa yakakumbukwa; ila kuambiwa kwamba mgeni atakuja hakumpi msikilizaji ngao ya kumzuia. Wote wawili wanaonyesha upungufu uleule wa ujuzi wa mbele: unamkuza anayeubeba, na haumkuzi mwingine ila naye aubebe kwa namna yake.

Wa pili na wa tatu ni Moraa na Otenyo. Serikali ya kikoloni ilianzisha kituo chake Kisii mwaka 1907 chini ya G. A. S. Northcote, ambaye wenyeji walimwita Nyarigoti. Mwezi wa Januari 1908, kijana shujaa Otenyo Nyamaterere alimvizia Northcote na kumchoma mkuki. Masimulizi yanamtaja Moraa, mwonaji na mganga aliyekuwa jamaa yake wa karibu, kuwa ndiye aliyewachochea vijana kwa maneno makali hadi mmoja wao akathubutu. Northcote alijeruhiwa lakini hakufa. Maisha yake ya utumishi yalimfikisha hadi kuwa gavana wa Hong Kong kuanzia mwaka 1937 hadi 1941. Kwa Abagusii, mkuki huo ulifuatwa na msafara wa adhabu uliochoma nyumba, ukateka ng'ombe kwa maelfu na kuua watu wengi kiasi kwamba Winston Churchill, aliyekuwa wakati huo naibu wa waziri wa makoloni jijini London, aliandika kulalamikia mauaji ya watu wasioweza kujitetea. Otenyo alikamatwa na kuuawa. Masimulizi yanashikilia kuwa kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza, na jamaa zake wameendelea kudai kirejeshwe.

Wasimulizi wa leo humwinua Otenyo kuwa jagina wa ukombozi, na ni haki yao. Lakini mhakiki wa fasihi simulizi hana budi kuona muundo wa kisa hiki. Otenyo hakuwa na silaha mpya, wala hakuvuka kwenda ulimwengu mwingine. Ulimwengu mwingine ulimjia nyumbani ukiwa na bunduki, kanuni zake na hesabu zake za kifo. Hii ni isekai iliyopinduliwa: mwenyeji ndiye anayejikuta mgeni katika nchi yake, na mwenye nguvu zisizoeleweka ni yule aliyetoka nje. Katuni za Kijapani kwa kawaida husimuliwa kwa macho ya mgeni huyo mwenye nguvu. Mwanafunzi wa Kisii anayezifurahia angefanya vyema kujiuliza wanakijiji waliosimama kando ya barabara wakati shujaa akiteketeza adui zake kwa pigo moja waliyaonaje mambo hayo.

Nyoka wa ziwani

Mwaka 1913 yalitokea katika nchi jirani ya Alego, iliyo leo kaunti ya Siaya, mambo yanayofanana na isekai kuliko kisa kingine chochote cha Afrika Mashariki. Mtu aitwaye Onyango Dunde alieleza kuwa alikuwa ameketi nyumbani jioni alipojiwa na nyoka mkubwa kutoka ziwani, Ziwa Victoria, nyoka ambaye angesimama wima kichwa chake kingefika mawinguni. Nyoka huyo alimmeza, kisha akamtapika akiwa mzima, na akampa ujumbe awapelekee watu. Jina la mwenye ujumbe lilikuwa Mumbo, na makao yake yalikuwa mawili: ziwani na juani. Imani hiyo ilivuka haraka kuelekea kusini na kuingia nchi ya Gusii, ambako iliungana na matumaini ya kurudi kwa Sakawa.

Ujumbe wenyewe unastahili kutazamwa kwa makini. Kwa mujibu wa maelezo yaliyohifadhiwa, waumini waliahidiwa kuwa mazao yangejiotea, pasiwe na haja ya kulima. Kwamba ng'ombe, kondoo na mbuzi wangetoka ziwani kwa wingi, kwa hiyo waliokuwapo waliwe. Kwamba Wazungu wangetoweka. Waumini waache nywele zikue na wavae ngozi. Inapasa kukumbuka kuwa maelezo haya yalipitia kalamu za maafisa wa serikali waliokuwa na sababu za kuyafanya yaonekane ya kipumbavu. Wasomi nao hawakuafikiana. Bethwell Ogot na William Ochieng', katika makala yao ya mwaka 1972, waliitazama Mumbo kama vuguvugu la kupinga ukoloni. Audrey Wipper katika kitabu chake cha mwaka 1977 aliiweka miongoni mwa maasi ya watu wa mashambani wenye kungojea mwisho wa dunia ya zamani. Brett Shadle, mwaka 2002, aliirejelea upya akiihusisha na mahusiano ya wakubwa na wafuasi wao.

Kwa mtazamo wa fasihi, kisa cha Onyango Dunde kina mambo mawili ya kushangaza. La kwanza ni tendo la kumezwa. Jamii nyingi za Kibantu na majirani zao zina ngano ya zimwi linalomeza watu hadi mtoto mmoja alipasue na kuwatoa wote. Katika ngano hiyo kumezwa ni kifo na kutolewa ni ukombozi. Katika kisa cha Alego, kumezwa ni kuitwa. Mtu anaingia tumboni akiwa mkulima na kutoka akiwa mjumbe. Linganisha na donge la ute la Fuse: huko shujaa ndiye anayemeza, na nguvu za aliyemezwa zinakuwa zake, huku shujaa ndiye anayemezwa, na nguvu anayorudi nayo si yake, ni ya aliyemmeza. Onyango Dunde alibaki mtu wa kawaida aliyebeba neno zito. Tofauti hii si ndogo. Nguvu ya mjumbe haimruhusu ajisifu, na ndiyo sababu iliweza kuenea kwa wengine, wakiwamo wanawake, ambao wakuu wa koo na machifu wa serikali hawakuwa wamewapa nafasi yoyote.

La pili ni kwamba ahadi ya Mumbo haina ukingo. Mtu hatakiwi kujifunza kitu, wala kuteseka kwa muda fulani, wala kukomaa. Anatakiwa kuamini, kuchinja na kungoja. Kwa istilahi za makala haya, ni nguvu ya kupewa katika umbo lake safi kabisa. Na historia iliijaribu mapema. Mwezi wa Septemba 1914, majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka kutoka upande wa Tanzania ya leo, na maafisa wa Uingereza wakauhama mji wa Kisii. Kwa waliokuwa wakingoja, Wazungu walikuwa wametoweka kama ilivyosemwa. Vita vilipiganwa mjini tarehe 12 Septemba, Wajerumani wakarudi nyuma, na katika mwanya huo ofisi, maduka na misheni, ikiwamo ya Wakatoliki pale Nyabururu na ya Waadventista pale Nyanchwa, ziliporwa na wenyeji. Waingereza waliporudi walitoza adhabu nzito. Ng'ombe waliotarajiwa kutoka ziwani hawakuonekana, na waliokuwapo zizini walichukuliwa.

Si haki kuwacheka waliongoja. Mtu aliyeshuhudia mwaka 1908 alikuwa na ushahidi wa kutosha kwamba ushujaa wa kawaida, ule wa kukua nao na kuufanyia mazoezi, haukufua dafu mbele ya bunduki. Kama nguvu ya makuzi imeshindwa, ni nguvu gani nyingine iliyobaki ila ile ya kupewa?

Mahali pa kukulia

Hapa inafaa kurudi nyuma na kuuliza nguvu ya makuzi ilipatikana wapi nchini Gusii kabla ya miaka hiyo. Tohara ya wavulana ilikuwa mlango wa kwanza. Kijana aliingia akiitwa omoisia, yaani asiyetahiriwa, na njia ya kurudi nyumbani kutoka kwenye kisu ilisindikizwa na wimbo wa esimbore. Kisha alitengwa katika kijumba pamoja na wenzake, na moto uliowashwa humo haukupaswa kuzimika mpaka kutengwa kumalizike. Kulinda moto ni kazi ya kuchosha isiyo na sifa: haina adui, haina mtazamaji, na kosa la usiku mmoja linaharibu yote. Ni vigumu kupata ishara bora ya nguvu inayokua. (Wasichana nao walikuwa na mivigha yao, lakini iliambatana na ukeketaji, ambao sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeupiga marufuku. Kuieleza kama makuzi kungekuwa kuficha madhara yake.)

Mlango wa pili ulikuwa ebisarate, kambi za ng'ombe zilizo mbali na makazi, ambako vijana waliotahiriwa waliishi wakilinda mifugo ya koo zao dhidi ya wavamizi. Huko kijana alijifunza kukesha, kugawana chakula, kutii walio wakubwa kwake na kupigana panapobidi. Kwa lugha ya van Gennep, kambi ilikuwa ukingo uliodumu miaka. Sasa, jambo la kuzingatiwa ni tarehe. Serikali ya kikoloni ilizivunja kambi hizo mwanzoni mwa miaka ya 1910, kwa kuwa iliziona kuwa chimbuko la wizi wa ng'ombe na ukaidi. Mumbo aliingia Gusii katika miaka hiyohiyo. Hakuna hati inayosema kwamba jambo moja lilizaa jingine, na sababu za Mumbo zilikuwa nyingi, zikiwamo kodi, kazi za kulazimishwa na mamlaka ya machifu wapya. Hata hivyo ulinganifu huo una maana kwa msomaji wa fasihi. Jamii iliyonyang'anywa mahali pa kukulia vijana wake ilianza kusimuliana habari za nguvu inayotoka majini ikiwa imekamilika.

Hoja hii inaweza kurudishwa Japani pia. Yoko na Rudeus ni vijana waliotoka katika shule ambazo hazikuwakuza bali ziliwaumiza. Shule ilipaswa kuwa ukingo wao wa kuvukia, ikawa mahali pa kujificha. Mwandishi wa isekai anapowapeleka katika ulimwengu mwingine, anawatafutia ebisarate. Wengine wanafika na kukuta kambi yenye kazi. Wengine wanakuta ng'ombe wametoka ziwani tayari.

Uhamishoni

Mumbo hakuisha mwaka 1914. Waumini waliendelea kukutana, na katika eneo la Kitutu na kwingineko jina la Sakawa lilizidi kuunganishwa na la nyoka wa ziwani. Serikali iliwakamata viongozi mara kwa mara, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 baadhi yao walipelekwa uhamishoni Lamu.

Safari hiyo ina mantiki yake ya kutisha. Waliochukuliwa walikuwa watu wa vilima vyenye mvua nyingi, wasemaji wa Ekegusii, waliozoea wimbi na maziwa ya ng'ombe wao. Walipakiwa kwenye gari la moshi na kwenye vyombo vya baharini hadi kisiwa cha mchanga, majahazi na minara, ambako adhana iliwaamsha alfajiri na watu walizungumza Kiswahili. Hawakupewa upanga walipofika, wala hakuna roho iliyoingizwa mwilini mwao. Waliwekwa ukingoni na serikali iliyotumaini kuwa huko nguvu zao zingeyeyuka, na kilichowabidi kufanya tangu siku ya kwanza, kabla ya kuomba hata maji, kilikuwa ni kujifunza lugha.